Mabati Yaonekane, Milango Isionekane

Kila anayeingia gereji yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, anaiona ile mashine ya boti iliyolala mezani, imefunguliwa tumbo, na kila mmoja anauliza swali lilelile: "Rajabu, ilikuwaje?" Nimejibu vipande vipande, kipande kwa huyu anayesubiri buji, yaani plagi ya mashine, kipande kwa yule aliyepita kunywa chai, mpaka sasa habari zangu zinanirudia zikiwa na mamba ambao sikuwaona. Nimechoka. Nimeandika yote hapa kwa mpangilio, nikifuata daftari langu la kazi. Atakayesoma asiniulize tena.

Mnajua kwamba mke wangu Halima alikaa Ujiji miaka minne pamoja na binti yetu Zaituni. Wengi hamjui kwa nini hakurudi wakati wenzake walipoanza kurudi. Alipokimbia vita, alipanda boti na kaka yake Shabani. Karibu na Kagunga mashine ilizimika, mawimbi yakaigeuza boti, na dereva akaruka na bidoni, dumu tupu la pekee lililokuwamo. Halima na mtoto waliokotwa na wavuvi. Shabani hakuonekana.

Tangu hapo, kila nilipompelekea ujumbe arudi, jibu lilikuwa moja. Barabarani magari yanachomwa, hapiti. Majini hapandi boti ya mtu. Atarudi siku ambayo mimi mwenyewe nitashika mashine.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, lakini nilikuwa sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Sijui kuogelea. Nilimwandikia hivyo, nikidhani atanionea huruma. Akajibu kwa mstari mmoja: "Vizuri. Basi hutaruka."

Kibenga: siku mbili mchangani

Aliyekubali kunifundisha ni Yakobo, dereva wa boti, mtu wa Baraka, ng'ambo ya Kongo. Umri wetu ni mmoja. Ni mwembamba, anavaa kofia ya sufu hata juani, na mashine yake nimeitengeneza mara nyingi kiasi kwamba naijua kuliko shati langu. Nilipomwambia ninachotaka, aliivua ile kofia, akaivaa tena.

"Mashine unaijua, fundi," alisema. "Ile njo shida yako."

"Ndiyo shida yangu, vipi?"

"Utaona."

Tulifika ufukoni Kibenga, kusini kidogo ya mji, kabla jua halijatoka, na tukakaa hapo siku mbili. Milimani kulikuwa kunalia bunduki, na askari walikuwa wamefunga ufuko. Sajini mmoja aliandika majina yetu yote kwenye karatasi, akaenda kula, akarudi bila karatasi. Akaandika upya. Kesho yake akaja sajini mwingine ambaye hakuitaka karatasi iliyoandikwa na mwenzake. Tulikuwa abiria kumi na mmoja, na kufikia mchana wa siku ya pili nilikuwa najua majina ya baba zao wote.

Tulikula mihogo ya kuchemsha na ndagala za kukaanga, hao dagaa wa kwetu. Kivuli kilikuwa cha ukuta mmoja tu, tukawa tunahama nacho.

Yakobo alitumia muda huo kunifundisha mchangani. Aliegemeza mashine kwenye gogo, akanishikisha mkono wa kuiongozea, akasimama mbele yangu akijifanya boti. Nikisukuma mkono kushoto, yeye alienda kuume. Nikisukuma kuume, alienda kushoto. Mara tatu nilimpeleka ukutani.

"Ee Yesu wangu!" alisema mwanamke mmoja aliyekaa juu ya furushi la mabeseni ya plastiki. "Huyu ndiye atanivusha? Mutu anagonga ukuta na hata maji hayajafika?"

Huyo ni Mama Riziki, mfanyabiashara wa Cibitoke, mzaliwa wa Uvira, mwenye sauti ya kuamsha soko. Anavuka kwenda Kigoma mara nyingi kuliko sisi tunavyokwenda mjini. Mtamsikia tena.

Halafu Yakobo akanipa sheria mbili. Ya kwanza ilihusu mabidoni. Kila abiria lazima aje na bidoni tupu lenye kifuniko, alishike mapajani. Asiye na bidoni hana nafasi, hata akiwa ndugu yake.

Ya pili aliisema polepole, akionyesha pwani kwa kidole.

"Mulimani iko batu na bunduki. Kule katikati ya maji, iko batu na bunduki mu maboti. Sisi tunapita kati yao. Sasa utajuaje uko kati? Angaria mabati ya manyumba. Mabati yaonekane, milango isionekane. Ukiona mulango, mutu wa mulangoni naye anakuona. Ukikosa mabati, umeenda mbali, hakuna atakayejua umekufia wapi."

Niliandika kwenye daftari. Yeye akacheka.

"Andika, andika. Maji haisomi."

Kibenga hadi Rumonge: nilichokisikia

Siku ya tatu tukaachiwa, saa moja asubuhi. Nilisema bismillahi, nikavuta kamba, mashine ikawaka kwa mvuto mmoja. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata siku ile.

Mwanzoni njia yetu ilikuwa imepinda nyuma ya boti kama uzi uliofumuliwa. Abiria waliokuwa wanataka kusinzia waliyumba kushoto na kuume. Baada ya saa moja nikaanza kuielewa. Ziwa lilikuwa limetulia, mashine inaimba, na kwa kusikia tu nilijua buji zote mbili ni safi.

Yakobo alikaa mbele yangu akila karanga. Alizimenya moja moja, akatupa maganda majini, kila mara upande uleule, na kila ganda alilisindikiza kwa macho. Niliandika: "Anakula sana. Anachafua maji."

Kufika saa tatu akaniuliza, bila kugeuka, "Fundi, mashine inasemaje?"

"Safi kabisa. Hata saa haiendi hivi."

"Na mabati?"

Nikatazama pwani. Niliona milango. Niliona mwanamke anaanika nguo mbele ya mlango mmoja, na nguo yenyewe ilikuwa nyekundu.

Yakobo hakupiga kelele. Aliuweka mkono wake juu ya wangu, tukaisukuma boti kuelekea nje. Tulipokuwa tunatoka, risasi mbili zilisikika huko juu. Sijui walitulenga sisi au watu wengine. Mama Riziki alivaa beseni kichwani na hakulitoa mpaka milango ikapotea.

"Umesikiliza mashine nusu saa," Yakobo alisema. "Mimi nimeangaria karanga. Ganda likienda nyuma moja kwa moja, tunaenda. Likienda pembeni, maji inatubeba pembeni na mashine inaimba tu. Mashine haijui inaenda wapi."

Niliufuta mstari wa daftari kuhusu kula.

Upepo wa kusini ulianza karibu na saa tano. Kwanza maji yakawa na mikunjo, halafu vilima. Boti ilikuwa inapanda kilima, inashuka, na kila iliposhuka mbele, nyuma iliinuka, helisi, lile pangaboi la chini, ikatoka majini, na mashine ikapiga yowe.

Nyinyi mafundi wenzangu mnalijua yowe hilo. Mnajua jinsi linavyoila mashine kwa ndani. Kwa miaka kumi na tano, nikilisikia, mkono wangu unapunguza moto kabla kichwa hakijafikiri. Nikapunguza.

Boti ikasimama. Kisha, taratibu kama mtu anayegeuka kitandani, ikageuza ubavu. Wimbi lililofuata liliingia lote.

Nakumbuka maji mapajani yakiwa ya uvuguvugu, jambo ambalo sikulitarajia. Nakumbuka mwanamume mmoja akiita jina la mama yake. Yakobo alinipiga mkono, akaushika yeye, akaongeza moto mpaka mwisho, na mashine ikalia kama mnyama anayechinjwa. Mbele ya boti ikarudi kuyatazama mawimbi. Wote tukachota maji, kwa sufuria, kwa kofia, kwa viatu. Furushi la Mama Riziki lilikuwa limefunguka, na mabeseni yake, mekundu na ya buluu, yalikuwa yanaondoka kuelekea Kongo yakifuatana.

Yeye aliendelea kuchota kwa kiatu, bila tusi hata moja. Hilo lilinitisha zaidi.

Muda mrefu baadaye, Yakobo akasema, macho yakiwa mbele, "Mashine ni ya kuharibika, fundi. Batu njo ba kufika."

Rumonge: sahani ya mwanamke nisiyemjua

Tulifika saa tisa. Abiria walishuka na hakuna aliyenisemesha, ingawa tulikuwa tunalala pamoja pale pale na kuondoka pamoja kesho yake. Nilikaa ufukoni nikakamua nguo.

Mwanamke aliyekuwa anauza chakula karibu na maboti aliniita mara mbili kwa Kirundi. Akaja mwenyewe na sahani, ndizi zilizopikwa kwa mawese ya hapo na kipande cha samaki wetu mukeke, cha kuchoma, akaiweka mapajani mwangu.

"Kula. Leo hukufa," alisema. "Wengine hapa wanakujaga wamekaa hivyo, na hawali, halafu kesho wanaanguka mu maji kwa njaa."

Nilikula. Sijawahi kula kitu kama kile, na sikumbuki ladha yake.

Yakobo alinikuta hapo. Nilimwambia nitarudi Bujumbura kwa miguu ikibidi, Halima atakaa Ujiji, na huenda hilo ndilo salama kwake. Alichukua ndizi moja kutoka sahani yangu.

"Ile siku ya bibi yako," akasema, "dereva alikosa nini?"

"Aliruka."

"Mbele ya kuruka."

Nikafikiri kilichotangulia kuruka. Mashine ilizimika, boti ikageuka ubavu. Nikamwambia.

"Leo umeona vile inageukaka. Sasa unajua kitu, na yule hakujua. Kesho unashika tena. Ukikataa, mimi sirudi na bibi yako. Nitamwambia nini?"

Rumonge hadi Kagunga: ramani ya mabati

Tuliondoka mapema, kabla ya upepo. Safari hii nilisimama, kwa sababu nilipokaa nilikuwa naisikiliza mashine kama mgonjwa na sioni barabara. Nilitazama mabati, nikatazama maganda. Upepo ulipokuja, Yakobo alinifundisha kulipokea wimbi kwa bega la boti, si kwa uso wala kwa ubavu. Kila mashine ilipolia, nilikunja vidole vya miguu ili vya mkono vitulie.

Kabla ya Nyanza-Lac tulipita kilima ambacho sheria haikufanya kazi. Nyumba zilikuwapo, lakini mabati yalikuwa yameng'olewa, na milango pia. Kuta zilisimama na matundu. Nilitazama nikakosa la kushika.

"Hapa je?" niliuliza.

"Hapa unaangaria michikichi. Uone vichwa, usione mashina." Akatupa ganda. "Zamani ilikuwa mabati hapa. Mingi. Ilikuwa inanifanya nifunge macho juu ya kung'aa."

Katika daftari nilichora kile kilima, na vilima vyote tulivyovipita, na alama za mabati. Mchoro huo ndio uliotuchelewesha siku nzima Kagunga.

Kagunga ni mpakani, upande wa Tanzania. Ofisa mmoja kijana, mwenye adabu sana, alifungua daftari langu na kulitazama kwa muda ambao sikuupenda.

"Hii ni ramani ya nini, bwana?"

"Ya mabati."

"Mabati ya nani?"

"Ya watu. Sijui ni ya nani."

"Umechora nyumba za watu usiowajua, kwenye nchi yenye vita, ukaandika na saa. Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mke wangu," nilisema, na nikasikia mwenyewe jinsi jibu lilivyokaa vibaya.

Walinikalisha kwenye benchi. Waliniletea ugali na dagaa, wakanitazama nikila, labda waone mpelelezi anakulaje. Kesho yake, jua lilipoanza kushuka, Mama Riziki aliingia bila kuitwa. Tangu mabeseni yaende, hili ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu au juu yangu.

"Afande, muachilie. Mpelelezi gani huyu? Juzi alijaribu kujizamisha yeye mwenyewe na sisi wote, na mabeseni yangu ishirini. Kama ni mpelelezi, basi waliomutuma wanamuchukia."

Ofisa alicheka mpaka akatoa kitambaa. Alichana kurasa zenye michoro, akaniachia zilizobaki.

Nilimlalamikia Yakobo. Akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi. "Afadhali. Sasa utaangaria nchi, si karatasi."

Kigoma na Ujiji: mkeka ufukoni

Kesho yake tulipita Gombe, ambako nyani walikaa ufukoni wakitutazama bila haraka, na mchana tukafika Kibirizi, maboti yanakoshushia watu wa Kigoma. Nilikuwa na njaa. Nikaomba mukeke kwa mama mmoja aliyekuwa anachoma samaki. Akasema hana. Nikaonyesha mukeke ulio mbele yake, juu ya moto. Akasema huo ni mgebuka. Tulibishana kwa upole kwa dakika kadhaa, kila mmoja akimhurumia mwenzake, halafu nikaula mgebuka wake na ulikuwa mukeke.

Kula huko kulikuwa kosa. Mama Riziki hakula, alitangulia. Nilipofika Ujiji, nyumbani kwa shangazi wa Halima, habari zilikuwa zimekwisha kufika.

Halima alikuwa amesimama mlangoni. Amekonda. Zaituni alikuwa nyuma yake, mrefu, akinitazama kama mtu wa kuandikisha sensa. Alikuwa na miaka miwili tulipoachana.

"Baba Zaituni," Halima alisema. "Nasikia ulikata moto katikati ya mawimbi."

Hakunisalimu kabla ya hapo. Nami sikuwa na uongo wa kutosha. Nilimweleza pale pale mlangoni, sehemu ya milango na sehemu ya ubavu, na mabeseni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ingia ule," akasema. "Lakini mi sipandi."

Yakobo alikuwa na mizigo ya kusubiri Kigoma, na ilichelewa wiki mbili. Kila asubuhi aliniingiza majini Kibirizi na boti tupu. Alizima mashine bila kunionya ili niwashe mawimbi yakiwa ubavuni. Alinifanya nirudi ufukoni kwa kasia. Alinitupa majini na bidoni na kuniacha hapo, na nikagundua kwamba mtu asiyejua kuogelea anaweza kukaa juu ya maji muda mrefu sana akilikumbatia bidoni na kusoma aya zote anazozijua.

Siku ya tatu Halima alikuja. Alitandika mkeka ufukoni, akakaa akitutazama, akaondoka adhuhuri. Alikuja kila siku baada ya hapo. Wavuvi walianza kumsalimia kama mtu wa zamu. Mmoja alimuuliza kama mumewe ana deni na yule Mkongo, maana anamtesa sana. Halima alijibu kwamba anayetesa ni yeye mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili upepo ulikuwa mkali, na maboti mengi hayakutoka. Tulitoka. Nilirudi nimelowa hadi kope, nikaketi ukingoni mwa mkeka wake. Alikuwa anatazama ziwa, mahali palepale ambapo nadhani alikuwa anapatazama kwa miaka minne.

"Ukiisikia inalia tena," aliuliza, "utafanya nini?"

"Nitaiacha ilie."

"Hata kama inakufa?"

"Hata kama inakufa."

Alikunja mkeka. Jioni nilimkuta anafunga vyombo.

Kurudi, hadi Rumonge: bidoni la Mama Riziki

Halima alipanda kama mtu anayeingia chumba cha maiti, macho chini, mguu mmoja kisha muda mrefu kabla ya mwingine. Alimfunga Zaituni bidoni kifuani kwa kanga, akajifunga la kwake. Alikataa kukaa mbele. Alikaa akinitazama mimi, mgongo kwa safari, na hivyo ndivyo alivyokaa hadi mwisho. Yakobo alikwenda kukaa mbele kabisa na akanipa mgongo. "Nikikuangaria," alisema, "utaniangaria."

Kagunga, yule ofisa aliniuliza habari za mabati. Nikamwambia hayajambo.

Tulifika Rumonge siku ya pili, tukalala, na asubuhi wakati wa kupanda nikaliona bidoni la Mama Riziki, aliyekuwa anarudi nasi. Halikuwa tupu. Mnajua mawese ya Rumonge yanavyotafutwa hapa mjini. Alikuwa amelijaza mpaka kwenye kifuniko, na nyuma yake wanawake wengine watatu walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Yakobo aliona. Akageuka akamenya karanga.

"Mama Riziki," nilisema, "bidoni hilo limejaa."

"Sasa? Mawese inaelea juu ya maji. Hukuona mu sufuria?"

"Yataelea yenyewe. Wewe hayatakubeba. Mimina, au tafuta lingine tupu."

"We!" Sauti ile ya soko. Ufuko wote uligeuka. "We mwenye kunimwagia mabeseni yangu leo unaniambia mambo ya kuelea? Fundi wa buji! Nani alikufanya kapiteni?"

Watu walicheka. Nami nilikuwa nimechoka, siku nyingi sana, na ningependa kumwachia tu, tuondoke kabla ya upepo. Tena ndiye aliyenitoa kwenye benchi la Kagunga. Nikamtazama Halima, na yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama bidoni.

Nikazima mashine, nikashuka, nikakaa mchangani.

"Tutaondoka likipatikana tupu," nilisema.

Tulikaa saa mbili. Nilitukanwa na watu wazima na watoto. Yule mwanamke wa chakula, aliyenilisha siku ile, ndiye aliyemaliza: alileta mabidoni manne matupu kutoka kwake, akasema atarudishiwa boti ikirudi, na mawese yakafungwa chini ndani ya boti. Mama Riziki alilipokea lake bila kunitazama, akalikumbatia, akakaa.

Kwa hizo saa mbili, tuliondoka tukiwa tumechelewa. Nilijua maana yake.

Rumonge hadi Kibenga

Safari hii upepo ulitoka nyuma. Yakobo alikuwa amenionya Kigoma kwamba ni mbaya zaidi, kwa sababu wimbi la nyuma linakusukuma kama rafiki, kisha linakugeuza. Lilipotukuta, nyuma ya boti iliinuliwa juu, helisi ikatoka, na mashine ikapiga yowe.

Niliiacha ilie.

Ililia hivyo kwa muda wa karibu saa tatu nzima. Nilisikia kila kitu. Nilisikia wakati beringi ya chini ilipoanza kuliwa, nikajua ni ipi, nikajua ina namba gani. Abiria mmoja, dereva wa lori, alipiga kelele, "Fundi, punguza, unaiua!" Mkono wangu ulimwelewa. Nikakunja vidole vya miguu. Mabati yalikuwa kuume, mbali, yanang'aa na kuzimika. Nilimenya karanga kwa meno na kutema maganda, nikayatazama. Halima alikuwa ananitazama usoni, na Zaituni amelala mapajani mwake, na sikuona mahali pa kuficha uso wangu. Wakati mmoja wimbi lilimwaga maji mgongoni mwake. Hakugeuka kuliangalia. Aliniangalia mimi nikiliangalia.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Kongo mashine ilipoanza kukohoa. Upepo ulikuwa umelala. Mabati ya mjini yalikuwa mbele yetu, mengi, yamebanana. Nikaielekeza boti pwani, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke sikuizuia kukaribia nyumba. Mashine ilizimika yenyewe kabla hatujafika. Hakuna aliyepiga kelele. Yakobo alichukua kasia, dereva wa lori akachukua jingine, na katika kimya kile nilisikia maji yakigonga mbao, jambo ambalo sikuwahi kulisikia safari nzima.

Halima aliacha kunitazama. Akamwinua Zaituni, akajizungusha pale alipokaa, polepole, mpaka akatazama mbele.

"Baba Zaituni," alisema. "Naona milango."